Fataki za Kujazia Risasi za Mashindano ya Kaboi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani ambao wameingia kwenye mashindano ya shabaha ya kaboi na wameanza kujaza risasi zao wenyewe. Risasi ina vitu vinne: ganda, baruti, kichwa na fataki. Fataki, ambayo wenzetu kwenye viwanja vya shabaha huiita praima, ndiyo ndogo kuliko vyote, na ndiyo inayoleta maswali mengi zaidi. Msimamo wangu nitausema mapema: namna unavyoikalisha fataki, na nguvu ya nyundo inayoipiga, vina uzito kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwenye boksi.

Kwa nini fataki ziwe jambo kubwa kwenye mchezo huu?

Kwa sababu ya namna tunavyopiga. Mchezo huu ulianzia California mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu 1987 unasimamiwa na Single Action Shooting Society, yaani SASS. Mshiriki hushindana na saa akitumia silaha za mitindo ya zama za kaboi: bastola mbili za silinda ambazo nyundo yake huvutwa kwa kidole kabla ya kila pigo, bunduki ya wenzo (inayopakia risasi kwa kusukuma na kurudisha mkono wa chuma ulio chini yake) inayotumia risasi za bastola, na shotigani. Shabaha ni vyuma vilivyowekwa karibu, na kila kimoja unachokosa kinakuongezea sekunde 5. Risasi iliyogoma kulipuka huhesabiwa kama shabaha iliyokoswa.

Halafu kuna mambo mawili yanayokutana. La kwanza, risasi zetu ni laini. Kanuni za SASS zinataka vichwa vya madini ya risasi, vyenye kasi isiyozidi futi 1,000 kwa sekunde kwa bastola na futi 1,400 kwa bunduki ya wenzo, na washindani wengi hupiga chini kabisa ya hapo ili silaha isiruke mkononi. La pili, wachezaji hupenda kulegeza springi za nyundo ili silaha ivutike kirahisi. Kwa hiyo nyundo inapiga kwa unyonge, na baruti iliyomo ni kidogo ndani ya ganda kubwa. Fataki inabaki katikati, ikitegemewa na pande zote mbili.

Fataki inafanyaje kazi?

Ni kikombe kidogo cha chuma laini chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Siku hizi kiini chake kwa kawaida ni stifneti ya madini ya risasi. Juu ya kemikali hiyo kuna kipande kidogo cha chuma kinachofanya kazi ya fuawe. Pini ya bunduki inapobonyeza kikombe, kemikali inabanwa kati ya kikombe na fuawe, inalipuka, na moto unapita kwenye tundu hadi kwenye baruti.

Fataki zinazouzwa kwa wajazaji wa Marekani ni za aina ya Boxer, zilizopewa jina la Mwingereza Edward Boxer. Fuawe yake imo ndani ya fataki yenyewe na ganda lina tundu moja katikati, ndiyo maana fataki iliyotumika husukumwa nje kwa sindano moja tu. Aina ya Berdan, ya Mmarekani Hiram Berdan, ina fuawe kwenye ganda na kwa kawaida matundu mawili pembeni. Ukiokota maganda uwanjani, chungulia ndani kwa tochi kabla hujayaingiza kwenye mashine. Ukiona matundu mawili, liweke pembeni, la sivyo utavunja sindano.

Kumbuka hilo suala la fuawe. Miguu ya fuawe lazima iguse sakafu ya kishimo cha fataki, na majibu mengi yaliyo hapa chini yanarudi hapohapo.

Ninunue ukubwa gani?

Fataki ndogo za bastola, zenye kipenyo cha inchi 0.175, ni za risasi za aina ya .38 Special na .357 Magnum, na kwa kawaida .32-20 pia. Fataki kubwa za bastola, inchi 0.210, ni za .45 Colt, .44-40, .44 Special na .38-40.

Mtego uko kwenye .45 ACP, inayotumika kwenye Wild Bunch, tawi jingine la mashindano ya SASS, pamoja na bastola za 1911 zinazojipakia zenyewe. Maganda yake yanapatikana kwa vishimo vikubwa na vidogo, yote yakifanana ukiyatazama ubavuni. Yachambue moja moja. Ganda la kishimo kidogo likiingia kwenye mashine iliyopangwa kwa fataki kubwa, fataki inaweza kupondwa, na fataki iliyopondwa inaweza kulipuka.

Kampuni ipi ina fataki bora?

Swali hili huulizwa kama la timu za mpira, na kila mtu ana yake. Ukweli ni kwamba Federal, CCI, Winchester na Remington zote hutengeneza fataki nzuri, na ni nadra sana kukuta mbovu ikitoka kiwandani. Tofauti inayotuhusu sisi ni wepesi wa kulipuka.

Kwa uzoefu wa wapigaji wengi, Federal ndizo nyepesi kuliko zote: namba 100 kwa ndogo na namba 150 kwa kubwa. Zinakubali hata pigo dhaifu, ndiyo maana wenye silaha zilizolegezwa sana huzishikilia. Winchester na Remington ziko katikati. CCI, namba 500 na 300, zinataka pigo lililoshiba zaidi, lakini zina sifa ya kupita vizuri kwenye mashine za kujazia.

Bastola ikiwa na springi yake ya kiwandani, yoyote kati ya hizo itafanya kazi. Chagua unayoipata kwa urahisi mahali ulipo, jaribu kiasi, ukiridhika shikamana nayo. Mtu anayebadilisha fataki kila mwezi hatajua kamwe tatizo lake linatoka wapi.

Nimelegeza springi ya bastola na sasa kuna risasi zinazogoma. Ninunue Federal?

Zitakusaidia, ndiyo. Lakini fikiri kwanza.

Bastola za Ruger Vaquero zina kipande kati ya nyundo na pini kinachopokeza pigo, na springi yake ni ya kuzunguka. Watu huitoa ya kiwandani na kuweka nyepesi, mara nyingi ya pauni 17. Nakala za Colt ya 1873 zinazotengenezwa na Uberti na Pietta zina springi bapa, ambayo watu huinoa iwe nyembamba au huweka kipande chini yake. Bunduki ya wenzo ya mtindo wa 1873 hufanyiwa vivyo hivyo. Kila hatua inapunguza nguvu ya pigo, na ipo hatua ambayo ukiivuka ni fataki za Federal pekee zitakazolipuka.

Mimi naona hapo umeiuza silaha yako kwa kampuni moja. Siku Federal zikikosekana dukani, huna mchezo. Ushauri wangu: legeza kidogo, kisha jaribu kwa CCI. Zikilipuka zote, mchana wa joto na asubuhi ya baridi, umefika. Ukitaka kutumia Federal siku ya mashindano, tumia, lakini iwe akiba ya usalama na si tegemeo lako la pekee. Tofauti ya pauni moja mbili kwenye nyundo haikuletei muda unaoupoteza kwa risasi moja iliyogoma.

Na kabla ya kuilaumu springi, safisha silaha. Mafuta yaliyoganda kwenye njia ya pini, au masizi nyuma ya silinda, yanaweza kula nguvu ya pigo.

Risasi iligoma, nikaipiga tena ikalipuka. Fataki ilikuwa mbovu?

Karibu kila mara, hapana. Haikuwa imekaa. Kama miguu ya fuawe haijagusa sakafu ya kishimo, pigo la kwanza linatumika kuisukuma fataki ndani, na la pili ndilo linaloilipua. Hii ndiyo sababu inayowakuta wajazaji wapya zaidi ya nyingine zote, na dawa yake haiuzwi dukani.

Fataki iliyokaa vizuri iko chini kidogo ya usawa wa kitako cha ganda, kama inchi 0.003 hadi 0.005. Huhitaji kipimo: pitisha kidole. Ukihisi shimo dogo, sawa. Ukihisi usawa, ina shaka. Ukihisi kinundu, hiyo risasi haiendi uwanjani. Pitisha kidole kwenye kila risasi unapoipanga kwenye boksi. Ni kazi ya dakika chache.

Tazama pia alama ya pini. Shimo la kina na katikati kwenye risasi iliyogoma linaelekeza kwenye ukalishaji, au kwa nadra kwenye fataki yenyewe. Shimo la juujuu linaelekeza kwenye springi au uchafu. Shimo la pembeni linaonyesha kuwa silinda haisimami mahali pake. Mpelekee fundi wa silaha.

Risasi ikigoma wakati wa mazoezi, elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri nusu dakika kabla ya kufanya lolote. Moto unaweza kuchelewa.

Silinda yangu inakuwa nzito kuzunguka, au inakwama kabisa. Je, ni fataki?

Inawezekana, kwa njia mbili. Kama inakwama kabla hujapiga, fataki zimetokeza na zinasugua ukuta ulio nyuma ya silinda. Rudi kwenye jibu lililotangulia.

Kama inakwama baada ya kupiga, angalia fataki zilizotumika. Kwenye risasi laini mno, fataki inapolipuka hujisukuma kurudi nyuma. Risasi yenye nguvu ya kawaida hulisukuma ganda nalo lirudi nyuma na kuikalisha fataki upya, lakini mgandamizo ukiwa mdogo sana ganda halirudi, na fataki inabaki imechomoza. Wengi hudhani hiyo ni dalili ya nguvu kupita kiasi wakapunguza baruti zaidi, na tatizo likaongezeka. Katika hali hii, ongeza baruti kidogo ukibaki ndani ya kipimo kilichochapishwa kwenye kitabu cha ujazaji.

Kwenye bunduki ya wenzo, risasi zinapangana kwenye bomba, kichwa cha moja kikigusa fataki ya nyingine. Si hatari?

Ni hatari ukichagua kichwa kibaya. Kwenye bomba la chini ya mtutu tumia vichwa bapa tu. Vya ncha kali havifai kamwe. Hapa fataki iliyotokeza si suala la kugoma tena. Bomba linapotikiswa kwa mrudisho, fataki iliyochomoza inaweza kugongwa na kichwa kilicho nyuma yake. Na mtu anapokung'uta wenzo kwa kasi ya mashindano, uso wa bolti (chuma kinachoifunga risasi kwa nyuma) unaweza kuigonga fataki iliyotokeza kabla bunduki haijajifunga sawasawa. Bunduki ya mtindo wa 1873 inapofyatuka ikiwa haijajifunga, maganda na moto huja usoni. Ukitumia fataki nyepesi kwenye bunduki ya wenzo, kagua kila moja bila kuruka hata moja.

Nahitaji fataki za magnamu?

Kwa baruti za kuwaka haraka tunazotumia, kama Titegroup, Clays, Red Dot au Trail Boss ukibahatika kuipata, fataki za kawaida zinatosha. Za magnamu, zenye moto mkali zaidi, zilitengenezwa kwa baruti za polepole na ngumu kuwaka, kama H110.

Ubishi upo kwenye .45 Colt. Ganda lake ni la mwaka 1873 na lilibuniwa kubeba greni 40 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi. Sisi tunaweka greni tano au sita za baruti ya kisasa, na ndani kunabaki nafasi kubwa tupu. Ukiinamisha bastola, baruti inakimbilia mbele, mbali na tundu la moto. Ukiinua, inarudi nyuma. Risasi mbili zilizojazwa sawasawa zinatoka kwa kasi tofauti. Wapo wanaoweka fataki ya magnamu ili moto ufike popote baruti ilipo, na wapo wanaopata matokeo mazuri kwayo. Mimi ningeanza kwingine: kichwa kizito zaidi, kibano imara cha mdomo wa ganda, na baruti inayochukua nafasi kubwa. Wengine huhamia kwenye ganda fupi la Schofield au la Cowboy 45 Special, likiondoa nafasi tupu yenyewe.

Ukilazimika kutumia magnamu kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, usibaki na kipimo chako cha zamani. Shuka hadi mwanzo wa kipimo kilichochapishwa, kisha panda taratibu. Kanuni hiyohiyo inafuatwa kila unapobadilisha kampuni ya fataki.

Na wanaopiga baruti nyeusi?

Baruti nyeusi halisi inashika moto kirahisi na fataki ya kawaida inaitosha. Mbadala zake hazilingani kwa wepesi wa kuwaka, kwa hiyo fuata maelezo ya mtengenezaji. Ganda la baruti nyeusi lisiachwe na nafasi tupu ndani, fataki iwe yoyote ile.

Fataki za raifo zinaingia kwenye ganda la bastola?

Ndogo zinaingia, kwa kuwa vipimo vya nje vinalingana. Lakini kikombe chake ni kigumu zaidi, na kwenye silaha zilizolegezwa zitagoma. Kubwa hazifai hata kidogo: fataki kubwa ya raifo ni ndefu kuliko ya bastola, itatokeza nje ya ganda, na umeshasoma hapo juu fataki iliyotokeza inafanya nini. Weka maboksi yake kwenye rafu tofauti.

Shotigani je?

Inatumia fataki za 209, familia nyingine kabisa. Usibadilishe kampuni ya fataki kwenye mapishi ya shotigani bila kufungua kitabu. Mgandamizo unaweza kupanda sana kwa badiliko hilo moja. Baadhi ya fataki za Ulaya, kama Cheddite, ni nene kidogo kuliko za Marekani na hutanua kishimo, kisha za Marekani zinalegea humo.

Lazima nisafishe vishimo vya fataki?

Kwa risasi laini, wengi hawasafishi na hawapati shida. Masizi yakijikusanya hadi fataki isifike chini, safisha. Maganda ya kijeshi yenye kibano kuzunguka fataki lazima yaondolewe kibano hicho kwanza.

Nikalishe fataki kwa mkono au kwa mashine?

Kifaa cha mkono kinakupa hisia: unasikia kwenye kiganja fataki ilipogusa chini. Kwa anayeanza, au anayetafuta kwa nini risasi zake zinagoma, hakuna mwalimu bora. Mashine ya hatua nyingi, kama za Dillon, inakupa wingi, ila inakudai usukume wenzo hadi mwisho kila mara, si mara tisa kwa kumi.

Federal hupakiwa kwenye maboksi makubwa yenye nafasi kubwa kati ya fataki na fataki, na sababu ni wepesi wake wa kulipuka. Zinaposimama kwa safu kwenye bomba la mashine, moja ikilipuka inaweza kuwasha zote. Bomba hilo liwe ndani ya kinga ya chuma, usitumie nguvu mashine inapokwama, na vaa miwani ya kinga. Soma pia kijitabu cha kifaa chako. Wapo watengenezaji wanaotaja fataki ambazo hazifai kwenye vifaa vyao.

Nizihifadhi vipi?

Kwenye boksi zilizotoka nalo, mahali pakavu, mbali na joto na watoto. Usizimimine kwenye chupa hata siku moja. Fataki zilizorundikana pamoja hulipuka zote kwa pamoja, na chupa inageuka bomu. Mwongozo wa usalama wa moto wa NFPA 495 unaweka ukomo wa fataki 10,000 kwenye nyumba ya kuishi. Ukimaliza kazi nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa masizi ya fataki yana madini ya risasi.

Uhaba ukirudi nifanye nini?

Waliokuwa wakijaza risasi kati ya 2020 na 2022 wanakumbuka. Rafu zilikuwa tupu, na fataki 1,000 zilizokuwa zikiuzwa kama dola 30 zilivuka dola 100 kwa wauzaji wa mitaani. Bei haikurudi ilikokuwa. Tangu hapo zimeingia zaidi za nje: Ginex za Bosnia, Fiocchi za Italia, Sellier & Bellot za Jamhuri ya Cheki. Ni fataki halali. Ginex zina sifa ya kubana kwenye kishimo, hivyo zinahitaji mkono imara. Nunua boksi moja la majaribio kabla ya kununua katoni. Ukiagiza uletewe kuna ada ya mizigo hatari juu ya bei, hivyo ungana na wenzako wa klabu mwagize pamoja.

Mimi niko Marekani kwa visa. Naruhusiwa kujaza risasi?

Soma jibu hili kwa makini. Sheria ya shirikisho inahesabu fataki, maganda, vichwa na baruti kuwa ni risasi, hata kabla hujaviunganisha. Wenye visa za muda, kama za masomo, utalii au kazi, kwa jumla hawaruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo kikiwa leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Zaidi ya hapo kuna sheria za jimbo, na hazifanani. Kama una shaka yoyote, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kununua hata boksi moja.

Kujaza kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho. Kujaza ili kuuza kunahitaji.

Naweza kumpelekea ndugu yangu fataki Tanzania au Kenya?

Hapana. Fataki na baruti haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, iwe ya mkononi au ya kupakiwa chini. Na sheria za Tanzania na Kenya zinakataza kutengeneza risasi bila leseni. Usimtie ndugu yako matatani.

Nilisikia "pfu" badala ya mlio wa kawaida. Niendelee?

Simama hapohapo, hata kama saa inahesabu. Huenda fataki ililipuka bila baruti. Nguvu yake peke yake inatosha kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha humo, na risasi inayofuata inaweza kupasua mtutu. Msimamizi wa uwanja atakuzuia. Kama hakusikia, mwambie wewe. Silaha ikishathibitishwa kuwa tupu, kichwa kinasukumwa nje kwa ufito. Ukirudi nyumbani, pima uzito wa risasi zote za kundi lile au zivunje, kwa maana mahali mashine iliporuka kipimo kimoja inaweza kuwa imeweka viwili kwenye ganda linalofuata.